Somo: Kusoma stringi ya mtumiaji ndani ya kerneli ya Linux bila kuiangusha

Draiva yako ikipokea pointa (anwani ya kumbukumbu) ya stringi, yaani maandishi, kutoka kwa programu ya mtumiaji, usiiamini. Huenda inaelekea kwenye ukurasa usiokuwepo, kwenye kumbukumbu ya kerneli yenyewe, au kwenye stringi isiyo na baiti sifuri mwishoni. Ukiisoma kwa strcpy, prosesa ya x86 yenye SMAP (kinga inayoizuia kerneli kugusa kumbukumbu ya mtumiaji moja kwa moja) itakukatalia hata anwani ikiwa halali.

Hatua ya 1. Itie pointa alama ya `__user`, kisha kompaili kwa `make C=1`. Sparse, chombo cha kukagua kodi ya kerneli, itakuonyesha kila ulipoichanganya na pointa ya kawaida.

Hatua ya 2. Panga kikomo cha urefu. Jina la kifaa, baiti 64 zinatosha. Njia ya faili ni PATH_MAX, yaani 4096 pamoja na sifuri. Hiyo itengee nafasi kwa kmalloc, maana staki ya kerneli (kumbukumbu ya muda ya vigezo vya ndani ya kazi) kwenye x86-64 ni KB 16 tu.

Hatua ya 3. Nakili:

```
char jina[64];
long n = strncpy_from_user(jina, uptr, sizeof(jina));
if (n < 0)
    return n;
if (n == sizeof(jina))
    return -ENAMETOOLONG;
```

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ukipata -EFAULT, anwani ni mbovu. Ukipata namba chini ya 64, huo ni urefu bila kuhesabu sifuri, na sifuri ipo mahali pake. Ukipata 64 kamili, bafa imejaa na sifuri *haikuwekwa*. Ipeleke hivyo kwa printk (kazi ya kerneli ya kuandika logi) yenye `%s`, nayo itaendelea kusoma baiti za jirani kwenye staki mpaka ikutane na sifuri, na siri zilizomo zitamwagika kwenye logi. Tena `n` iwe long: ukiandika size_t, sharti la `n < 0` halitatimia kamwe.

Hatua ya 4. Urefu ukiwa haubashiriki, tumia `strndup_user(uptr, 256)`. Hiyo 256 inahesabu sifuri. Stringi ikizidi unapata -EINVAL. Kagua jibu kwa IS_ERR, si kwa NULL, maana kosa hurudi ndani ya pointa yenyewe, na ukimaliza achilia kumbukumbu kwa kfree.

Hatua ya 5. Nakili mara moja, kagua nakala. Ukikagua kule kwa mtumiaji kisha ukanakili baadaye, uzi (thread) mwingine wa programu ile ile unaweza kuibadilisha stringi katikati. Ndiyo maana strndup_user, ikishanakili, hulazimisha baiti ya mwisho iwe sifuri.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikiiita strncpy_from_user nikiwa nimeshika spinloku (loku ambayo ukiishika huruhusiwi kulala) napata onyo la kulala pasiporuhusiwa. Shida nini?*
Ukurasa wa mtumiaji unaweza kuwa haumo kwenye RAM, kerneli ikabidi ilale kuusubiri kutoka diski. Nakili kwanza, ndipo ushike loku.

*Na ndani ya kprobe (mtego wa kuchunguza kerneli ikiwa inaendesha), anwani ikiwa ya kerneli?*
Tumia strncpy_from_kernel_nofault, ipo kwa jina hilo tangu toleo la 5.8. Hailali. Ila angalia mkuu: yenyewe huweka sifuri hata ikikata stringi, na urefu inaorudisha unahesabu hiyo sifuri. Usihamishie huko masharti ya hatua ya 3.

*Kutoka bafa ya kerneli kwenda nyingine, strlcpy inafaa?*
Iliondolewa toleo la 6.8, kwa kuwa husoma chanzo chote hata kama nafasi ni ndogo. Tumia strscpy; ikikata, inarudisha -E2BIG.