Matete ya mferejini: acheni kufyeka kukiwa kukavu

Kila kiangazi mambo ni yaleyale kwenye mifereji ya ukanda wa chini wa Moshi, kuanzia Mabogini na Chekereni hadi Kahe. Maji yakifungwa, kikundi kinachangishana, vibarua wanaitwa, matete yanafyekwa na kupigwa moto. Mwenyekiti anapita, anaridhika. Maji yakirudi, wiki chache tu matete yamesimama tena, na safari hii yamesongamana zaidi. Mchango mwingine unaitishwa. Naandika kwa sababu hela za wakulima zinateketea bure, na kosa ni moja: tunafyeka mfereji ukiwa mkavu.

Chimba tete moja uone. Chini ya udongo kuna shina lililolala, jeupe, nene, lenye vifundo, na kwenye vifundo kuna machipukizi yenye ncha kali yanayosubiri nafasi. Shina hilo linaweza kushuka mita moja na zaidi. Moto wa kiangazi haulifikii. Moto unaondoa takataka za juu, mwanga unaingia, na machipukizi yanatoa kile wanachokitaka wafugaji: majani mabichi ya haraka. Kwa mfugaji ni faida. Kwa mwenye mfereji ni hasara.

Sasa pasua shina hilo la chini. Ndani lina uwazi, na uwazi huo ndio udhaifu wake. Tope lililo chini ya maji halina hewa, hivyo tete linajishushia hewa lenyewe kupitia mashina ya juu. Watafiti wa mimea ya ardhioevu wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi na kuona kwamba hata mashina yaliyokufa na kuvunjika yanaendelea kupitisha hewa, mradi ncha iko juu ya maji. Kisiki unachokiacha mfereji ukiwa mkavu ni mrija. Maji yakija yakakifikia nusu, tete linapumua kama kawaida. Kisiki kikizama chote, njia ya hewa imezibwa.

Kwa hiyo fyeka maji yakiwepo. Tumia mundu, kata chini kabisa, kisiki kisizidi sentimita 10 kutoka kwenye tope. Baada ya hapo maji yasimame juu ya kisiki sentimita 20 au zaidi, kwa wiki 6 mfululizo. Sentimita 20 hizo zinapimwa siku maji yamepungua, siyo siku banio, yaani lango la maji, limefunguliwa lote! Kila ninapowauliza wahusika walipima vipi, jibu ni "tulikadiria." Msikadirie. Chonga fimbo, itie alama ya sentimita 10 na ya 30 kutoka chini, isimike mferejini. Maji yakishuka chini ya alama ya juu kwa sababu ya zamu ya kugawana maji, ziba kwa viroba vya udongo, lakini ongea kwanza na kiongozi wa zamu usije ukazamisha kitalu cha jirani.

Visiki virefu vilivyoachwa na kibarua mvivu usivisamehe. Matete yameunganika chini kwa chini, na kimoja kinachochungulia juu ya maji kinawapitishia hewa wenzake wa karibu. Machipukizi mapya yakitokeza, rudi uyakate chini ya maji kabla hayajakunjua majani. Vaa buti za mpira ndefu, kichocho kipo kwenye maji haya na wote mnajua.

Wakati wa kukata una maana kuliko nguvu ya mkono. Tete linapojenga shina refu linatumia akiba iliyo chini. Likishatoa ua na kuanza kukauka, chakula kinarudishwa chini. Ukifyeka yakiwa makavu, umefyeka mabua na akiba yote umeiacha salama. Kata pale mashina ya kwanza yanapoanza kutokeza ua. Wenzetu wa Ulaya wanafuata mwezi wa kalenda kwa sababu matete yao yanakauka kwa pamoja majira ya baridi. Ya kwetu hayana adabu hiyo, kwa hiyo tazama shina, siyo kalenda. Kama kikundi kilishapanga tarehe ya kufyeka, tarehe hiyo isogezwe.

Mafanikio utayajua: kisiki kinakuwa cheusi na kung'oka mkononi.

Mahali ambapo maji hayawezi kusimama, kama kwenye kingo za majaruba ya mpunga, hakuna njia ya mkato. Chimba udongo ukiwa na unyevu, fuata shina la chini, litoe, ulianike kwenye ardhi ngumu mbali na maji hadi livunjike kwa kupinda. Kuna wanaoyatupa mashina hayo mferejini ili "yaende na maji." Yanaenda, ndiyo, kwa jirani aliye chini, na kipande chenye kifundo kimoja kizima kinatosha kuanzisha kichaka kipya. Dawa ya kuua magugu usiipulize mferejini. Kuna watu wanaochota hayo maji. Na mbolea ya urea mnayoimwaga kisha mkafungulia maji kabla haijazama, inaishia kwenye mtaro kuyalisha hayo hayo matete.

Simtangazii mtu vita dhidi ya matete yote. Ya kwetu ni mmea wa asili. Huko Marekani hali ni nyingine: uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2002 na Kristin Saltonstall ulionyesha kwamba aina iliyotoka nje ndiyo iliyosambaa na kuisukuma ya asili. Kwetu, matete ya ukingo wa Mto Rau yanashika udongo, yaacheni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Najua kwelea kwelea, wale ndege wala nafaka, hulala humo, na ndiyo sababu ya baadhi yenu kutia kiberiti. Taarifu ofisi ya kilimo ya kata mapema ndege wakionekana. Ukichoma wanahamia kichaka kingine.

La mwisho ni pawatila, ile mashine ndogo ya kulimia inayoongozwa kwa mikono. Inatoka kwenye jaruba lenye matete, vipande vimejisokota kwenye visu, inakodishwa siku hiyo hiyo kwa mtu mwingine. Mwenye shamba, usimruhusu dereva aingie kabla hajavitoa na kuosha visu, tena aoshee kwenye ardhi kavu, asioshee mferejini.