Somo: Jifunze mifupa ya fuvu kwa vidole vyako mwenyewe

Mbukwenyi, ndugu zangu. Somo hili nimeliandaa kwa makundi mawili. Kwanza ni wanafunzi wa uuguzi na utabibu walioniuliza wanaikariri vipi mifupa 22. Pili ni kina mama tunaokutana kliniki hapa Dodoma, ambao wengine wanaogopa hata kumpaka mtoto mafuta utosini. Nimewaweka pamoja kwa makusudi, maana mimi ni mkunga, na fuvu nililijua vizuri nilipolishika. Orodha ya kitabuni ilikuwa inanitoka kila baada ya mtihani.

Hesabu kwanza, tuimalize. Mifupa 8 inabeba ubongo, 14 inatengeneza uso, jumla 22. Ukiongeza vifupa 3 ndani ya kila sikio na mfupa wa haiodi ulio juu ya koo, unapata 29. Kwa hiyo ukikuta vitabu viwili vina namba tofauti, usibishane na mwenzako. Vyote viko sawa, ila kimoja kimehesabu na majirani.

Hatua ya 1: Paji la uso

Vua kilemba au kofia, keti, weka kiganja juu ya paji. Huo ni mfupa mmoja, frontali. Unaanzia kwenye nyusi, unapanda na kupita pale nywele zinapoanza, na upande wa chini unakunja kuingia ndani kuwa dari la tundu la jicho. Sasa gonga taratibu juu ya nyusi karibu na pua. Nyuma ya hapo kuna uwazi wenye hewa, sainasi ya paji. Kipindi cha upepo na vumbi letu, mtu akisema kichwa kinamuuma hapo na kinazidi akiinama kufunga kamba za viatu, huenda ute umejaa humo na umekosa njia ya kutokea.

Hatua ya 2: Juu ya kichwa, na mishono yake

Telezesha vidole kwenda juu na nyuma. Umeingia kwenye parietali, mifupa miwili, wa kulia na wa kushoto, ndiyo paa la kichwa. Pale mfupa unapokutana na mwenzake pana mshono. Wa taji unatenganisha paji na parietali. Wa mshale unapita katikati ya parietali mbili. Wa lambda uko nyuma, na umeitwa hivyo kwa sababu ya herufi ya Kigiriki inayofanana na V iliyogeuzwa. Kwa mtu mzima huwezi kuihisi vizuri kupitia ngozi.

Ukitaka kuiona kwa macho, nunua kichwa cha mbuzi mnadani Msalato. Nyama na supu mle nyumbani, halafu fuvu lichemshe tena mpaka masalia yatoke, lisugue, lianike. Shika lile paji lililo katikati ya pembe uliangalie karibu. Utaona mstari mwembamba unaoshuka katikati, unapindapinda kama meno ya misumeno miwili iliyoumana. Mbuzi ana mifupa miwili ya paji, na mstari huo ndio mahali ilipokutana. Wewe pia ulizaliwa na paji la vipande viwili, ila kwa binadamu wengi mshono huo huungana na kupotea utotoni. Jaribu kuvitenganisha vile vipande vya mbuzi kwa kidole gumba. Hapo utaelewa kwa nini mwili ulichagua meno ya msumeno badala ya mstari ulionyooka.

Hatua ya 3: Utosi wa mtoto

Hapa naomba tukae kidogo.

Fuvu la mtoto mchanga halijafungwa. Kati ya mfupa na mfupa kuna utando mgumu, na pale mifupa kadhaa inapokutana utando huo huwa mpana, ndio utosi. Upo wa mbele, umbo lake kama uru ya kwenye karata, na upo wa nyuma, pembetatu ndogo. Mkunga anapompima mama aliye kwenye uchungu, kidole chake kinahesabu mishono: ikikutana minne, ni utosi wa mbele, ikikutana mitatu, ni wa nyuma. Kwa hesabu hiyo tunajua mtoto ameinamisha kidevu vizuri au ameinua uso. Mara ya kwanza nilipohisi mfupa mmoja wa parietali umepanda juu ya mwenzake wakati kichwa kinashuka, nilishtuka, nikadhani mtoto ameumia. Mkunga mkubwa akaniambia nisubiri. Mtoto alizaliwa na kichwa kirefu kama boga la mviringo mrefu, akalia kwa nguvu, na baada ya siku chache kichwa kilikuwa cha duara. Mifupa ile inapishana ili kichwa kipite.

Utosi wa nyuma hufunga ndani ya miezi 2 au 3. Wa mbele kwa watoto wengi hufunga kati ya miezi 12 na 18. Kabla ya hapo, kuuona unadunda mtoto akiwa ametulia ni kawaida, ni mapigo ya damu. Gusa, osha, paka mafuta. Ule utando ni mgumu, huwezi kuutoboa kwa kumwosha.

Mnachotakiwa kukijua ni hali mbili. Utosi uliobonyea, mtoto anaharisha au anatapika, mkojo umepungua, akilia machozi hayatoki: huyo amepungukiwa maji. Wapo wanaokandika unga au dawa ya majani juu ya utosi ili "upande". Ndugu zangu, hauwezi kupanda kwa kupakwa kitu juu, maana kilichopungua kiko ndani ya mwili. Mnyonyeshe mara kwa mara, mpe maji ya ORS, na mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Hali ya pili ni utosi uliotuna na kukaza wakati mtoto ametulia na ameketishwa, hasa akiwa na homa. Hiyo ni hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Hatua ya 4: Kisogo

Peleka vidole nyuma mpaka ukute nundu katikati. Huo ni mfupa wa oksipitali. Chini yake, mahali usipoweza kugusa, una tundu kubwa ambamo ubongo unaungana na uti wa mgongo. Fuvu linakaa juu ya pingili ya kwanza ya shingo, na hapo ndipo unapotikisa kichwa kusema ndiyo. Kusema hapana ni kazi ya pingili ya kwanza kuzunguka juu ya ya pili.

Hatua ya 5: Panja

Weka vidole kwenye mapanja yote mawili, uma meno. Unahisi msuli unavimba? Huo ni msuli wa kutafunia, na chini yake ni mfupa wa temporali, mmoja kila upande, unaozunguka sikio. Nundu iliyo nyuma ya sikio ni yake pia. Ndani yake vimefichwa vile vifupa 3 vya kusikia, na kidogo kuliko vyote, kile chenye umbo la kikuku cha kupandia farasi, kina urefu wa kama milimita 3.

Sasa pima vidole viwili juu ya upinde wa mfupa wa shavu, na unene wa kidole gumba nyuma ya ukingo wa tundu la jicho. Hapo mifupa minne inakutana: paji, parietali, temporali na sfenoidi. Ni mahali pembamba, na kwa ndani unapita mshipa wa damu uliojichimbia mfereji kwenye mfupa. Mfupa ukipasuka hapo, mshipa unaweza kuchanika, na damu ikajikusanya kati ya mfupa na utando wa ubongo.

Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi aliletwa kijana aliyeanguka na pikipiki. Alipoteza fahamu kidogo, akaamka, akaongea vizuri, akaomba chai. Akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu, na hakuna aliyewaambia ndugu zake wamwangalie dalili gani. Usiku wakadhani amelala usingizi wa uchovu. Alirudishwa alfajiri mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine. Alifanyiwa upasuaji, akapona, lakini jambo hilo linaniuma mpaka leo, maana maneno mawili tu yangetosha kuwafanya wakae macho. Mtu aliyepigwa kichwa, hata akiamka akacheka, msimwache peke yake. Kichwa kikizidi kumuuma, akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida, au akitoka majimaji puani au sikioni, mkimbizeni.

Hatua ya 6: Uso

Hapa nitapita haraka. Mifupa ya shavu ni 2. Ya pua ni 2, midogo, pale miwani inapokaa. Kuanzia hapo kushuka ni gegedu, ndiyo maana mafuvu hayana pua. Taya la juu ni mifupa 2. Pitisha ulimi kwenye kaakaa: sehemu kubwa ya mbele ni taya la juu, nyuma kidogo ni palatini, 2. Yale laini ya nyuma kabisa, pamoja na kimeo, ni nyama, na nawasihi msiwapeleke watoto kukatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi. Wanatoka damu nyingi na wanapata maambukizi. Visivyogusika ni lakrimali 2 penye njia ya machozi, konka 2 ndani ya pua, na vomeri 1, inayogawa pua na kuitwa kwa jina la Kilatini la ubapa wa jembe. Taya la chini ni 1. Weka kidole mbele ya sikio, fungua mdomo, uhisi likiteleza.

Kwenye ile 8 ya ubongo tumebakiza ethmoidi, iliyo kati ya macho, na sfenoidi, yenye umbo la popo aliyekunjua mabawa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi wa uuguzi: Shikamoo mwalimu. Sfenoidi ndiyo inanishinda, siioni iko wapi.

Marahaba mwanangu. Ifikirie kama popo aliyekaa katikati ya sakafu ya fuvu, nyuma ya macho. Ncha za mabawa yake zinatokea kwenye mapanja, pale ulipopima kwa vidole. Inagusana na mifupa yote 7 mingine inayobeba ubongo. Shika hilo, mengine yatakuja.

Mama, Chang'ombe: Mwanangu ana miezi 14 na utosi bado uko wazi. Jirani ananiambia nimechelewa.

Hujachelewa, mama. Nenda na kadi yake kliniki wakampime mzunguko wa kichwa na uzito. Kama mstari unapanda vizuri na anacheza, tulia. Ukifika miezi 24 bado uko wazi, aonwe na daktari.

Dereva wa bodaboda, Nzuguni: Helmeti ninayo, ila abiria wengi hawataki kufunga mkanda.

Bila mkanda inaruka kabla kichwa hakijafika chini, kaka yangu. Kazi yake inafanywa na lile sponji gumu la ndani, linabonyea badala ya mfupa. Ikishapigwa mara moja kwa nguvu, hata kama kwa nje inang'aa, nunua nyingine.

Baba, Kondoa: Binti yangu ameona picha ya fuvu la Zinjanthropus, lina ukingo wa mfupa juu katikati. Sisi wetu umeenda wapi?

Swali zuri, mpongeze. Fuvu hilo Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Mwambie ashike mapanja na kuuma meno. Msuli huo kwetu unaishia pembeni. Zinj alikuwa na taya na magego makubwa, msuli wake ulipanda mpaka juu kabisa ya kichwa na ulihitaji mahali pa kushikilia, ndio ule ukingo.

Bibi, Mvumi: Mjukuu amezaliwa na kichwa kirefu, tena kina uvimbe upande mmoja. Tukikande kwa maji ya moto?

Shikamoo bibi. Urefu mwachieni, utarudi wenyewe baada ya siku chache. Uvimbe uangalieni kwa mishono tuliyoisoma. Ukivuka katikati ya kichwa na ni laini, mara nyingi ni maji ya chini ya ngozi, na huisha upesi. Ukiishia kwenye mshono kana kwamba umewekewa mpaka, ni damu iliyokaa kati ya mfupa na ngozi yake, maana ngozi hiyo imeshikamana na mshono. Huo unaweza kuchukua wiki kadhaa. Msiukande, msiuchanje, msiutoboe. Mtazameni macho asubuhi kwenye mwanga. Yakionekana ya manjano, mleteni siku hiyo hiyo.