Viazi mviringo kwenye jivu la moto: namna ya kuchoma uani bila kuunguza

Kiazi kilichoungua nje na kubaki kigumu ndani hakikukosa moto. Kilipewa moto mkali kuliko uwezo wake wa kuupokea. Sehemu kubwa ya kiazi ni maji, na joto hupenya humo taratibu: kiazi cha gramu 150 kinataka karibu saa nzima ili kiini chake kiive, wakati ndimi za moto hugeuza ganda kuwa mkaa ndani ya dakika 10. Ndiyo maana hapa hatupiki kwa ndimi hata kidogo. Tunapika kwa makaa, na kati ya makaa na kiazi tunaweka jivu, ambalo hupitisha joto polepole na kulisambaza sawasawa pande zote.

Mahitaji kwa watu 4

- Viazi 8 vya ukubwa mmoja, gramu 150 hivi kila kimoja (upana wa sentimita 6 hadi 7)
- Mkaa kilo 2 hadi 2.5, sawa na ndoo ya lita 10
- Jivu kavu la kuni, lita 6, lililochekechwa
- Koleo la kushikia makaa, beleshi dogo, ungo, kijiti chembamba cha mshikaki
- Chumvi, ndimu, pilipili ya unga

Kuchagua viazi

Hapa ndipo wengi huharibu kazi kabla ya kuwasha moto. Kiazi cha kuchoma kinatakiwa kiwe na wanga mwingi na maji machache, kile ambacho kikiiva huwa cha ungaunga. Kiazi chenye maji mengi hutoka kwenye jivu kikiwa kinatelezateleza kama kilichochemshwa. Kenya, Dutch Robijn yenye ganda jekundu, ile ile inayopendwa kwa krispi, inafaa sana. Shangi nayo inachomeka vizuri na huiva upesi, ila huchipua mapema, basi inunue karibu na siku ya kupika. Kwa viazi vya sokoni visivyo na jina, fanya jaribio la maji ya chumvi: yeyusha gramu 110 za chumvi katika lita 1 ya maji, tumbukiza kiazi. Kikizama, kina wanga wa kutosha. Kikielea, kipeleke kwenye mchuzi. Kiazi ulichokipima kisuuze kwa maji matupu.

Ukinunua kwa sado au kwa fungu, omba uchague mwenyewe. Vikubwa na vidogo vikichanganyika kwenye jivu moja, vidogo hukauka huku vikubwa vikiwa bado vibichi. Acha vyenye majeraha ya jembe, maana jivu huingia humo. Acha kabisa vilivyogeuka kijani: kijani ni dalili kwamba kiazi kimepigwa na mwanga, na mara nyingi sumu ya solanini huwa imeongezeka pamoja nacho. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Usiviweke kwenye friji. Baridi hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, na sukari hiyo hufanya kiazi kiwe cheusi na chungu kwenye moto kabla hakijaiva.

Hatua ya 1: Osha mapema, kausha kabisa

Osha udongo kwa brashi, usimenye. Vipanguse, kisha viache kwenye ungo penye upepo kwa saa 1 au zaidi. Hili si jambo la usafi tu. Jivu likilowa hutoa magadi, na magadi hayo hushika kwenye ganda na kuacha ladha ya sabuni. Mafuta nayo ni hivyo hivyo: yanagandisha jivu kama gundi. Kiazi cha kwenye jivu hakipakwi chochote.

Kitoboe mara 3 kwa ncha ya uma, kina cha sentimita 1, upande mmoja tu. Upande huo ndio utakaoelekea juu. Ni mara chache kiazi kupasuka, lakini kikipasuka hurusha makaa.

Hatua ya 2: Mahali pa moto

Tumia seredani pana, jiko la mkaa lenye mdomo mkubwa, au shimo la kina cha sentimita 20 kwenye udongo mkavu. Usiwashe moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji. Joto huibanduabandua na vipande huruka. Usitumie mafiga ya mawe yaliyookotwa mtoni pia, kwa kuwa maji yaliyofungiwa ndani ya jiwe yakichemka hulipasua kwa kishindo.

Mvua ikianza, acha. Kamwe usihamishe jiko la mkaa kuliingiza chumbani au sebuleni, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na watu hufa usingizini.

Hatua ya 3: Kuwasha, na kungoja

Mkaa wa miti migumu kama mgunga ndio unaodumu. Pwani, mvinje hutoa makaa mazuri yenye joto kali. Vifuu vya nazi ni vya kuanzishia tu: huwaka kwa fujo, kisha huisha. Kuni za msonobari zina utomvu, na moshi wake mweusi huachia kiazi uchungu. Mbao zenye rangi au dawa zisiguse moto wa chakula, na jivu lake pia lisitumike.

Washa kwa vijiti na karatasi. Ile tabia ya kuwashia kwa mfuko wa plastiki ama mafuta ya taa huonekana kama njia ya mkato, lakini harufu yake utaila.

Pepea dakika 10 za mwanzo, halafu uache kupepea. Mkaa unapokuwa mweusi wenye ndimi bado haufai. Ngoja hadi vipande vyote vifunikwe na jivu jepesi la kijivu na ndimi zitoweke, dakika 30 hivi kutoka kuwasha. Weka kiganja sentimita 15 juu ya makaa uhesabu sekunde. Ukilazimika kutoa mkono kabla ya sekunde 3, moto bado mkali. Ukistahimili 4 hadi 5, umefika.

Hatua ya 4: Kuzika

Sogeza makaa yote pembeni kwa beleshi. Mwaga nusu ya jivu kwenye sehemu iliyobaki wazi, unene wa sentimita 3, kisha litandazie makaa machache juu yake kwa dakika 5. Jivu baridi hunyonya joto, na ukiruka hatua hii utaongeza dakika 20 bila kujua zimekwenda wapi.

Ondoa makaa hayo. Panga viazi juu ya jivu, vikiachana kwa upana wa kidole, matundu yakielekea juu. Vifunike kwa jivu lililobaki, unene wa sentimita 2. Halafu rudisha makaa yote: theluthi mbili juu, theluthi moja kuzunguka kando. Makaa yasiguse ganda popote. Kila mahali yanapogusa patakuwa na doa jeusi linaloingia ndani kwa nusu sentimita.

Hatua ya 5: Muda

Viazi vya gramu 150 huchukua dakika 50 hadi 60. Vya gramu 250, tenga dakika 75 hadi 90. Baada ya nusu ya muda, fukua, geuza kila kiazi, na ubadilishane nafasi: vya katikati viende kando, vya kando vije katikati. Funika tena. Kama makaa ya juu yamepungua, ongeza yaliyokwisha kuwaka, si mkaa mpya mweusi.

Walio nyanda za juu waongeze kama dakika 10. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100 za Mombasa au Dar es Salaam, na maji yaliyomo ndani ya kiazi yanafuata sheria hiyo hiyo.

Kupima, choma kijiti hadi katikati. Kikipita bila kukwama mahali popote, kimeiva. Ukihisi kama punje ngumu kwenye kiini, rudisha kwa dakika 10. Kubonyeza kwa koleo hakutoshi, kwani ganda hulainika mapema na kukudanganya.

Hatua ya 6: Kutoa

Toa kwa koleo, gongagonga jivu lidondoke, pangusa kwa kitambaa kikavu. Papo hapo pasua msalaba juu na ubane kidogo pande mbili ili mvuke utoke. Huu mvuke ukibaki ndani hugeuka maji, na ule unga wote ulioutafuta hupotea. Kwa sababu hiyo hiyo usiviweke kwenye hotpoti kungojea wageni. Ganda litakuwa kama la kiazi cha kuchemsha baada ya dakika 15. Vikisubiri, visubiri kwenye ungo kando ya moto.

Chumvi, pilipili na ndimu kama ya mahindi ya kuchoma vinatosha. Ukwaju mzito wenye kitunguu saumu unaenda vizuri, na kachumbari pia.

Kama hakuna saa nzima: wavu

Kata viazi kilo 1 nusunusu, chemsha kwenye maji yenye chumvi (gramu 15 kwa lita) kwa dakika 10, mwaga maji, acha vikauke mvuke dakika 5. Tikisa sufuria kidogo ili kingo zichubuke. Hapo ndipo ukoko hushikia. Changanya na vijiko 2 vya mafuta. Weka juu ya wavu uliokwisha kupata moto, sentimita 10 hadi 12 juu ya makaa, upande uliokatwa ukiwa chini, na usiviguse kwa dakika 6. Vikigoma kubanduka havijawa tayari, na ukivivuta ukoko utabaki kwenye wavu. Kitunguu saumu na viungo vya unga vije mwisho, kwa sababu huungua kabla ya kiazi.

Mishikaki ya mbatata huvunjikavunjika wakati wa kutunga. Tia kijiko 1 cha siki kwa kila lita ya maji ya kuchemshia. Uchachu huzuia kiazi kusambaratika.

Karatasi ya foili? Inaweka kiazi safi, ila inafungia mvuke, hivyo unapata kiazi cha mvuke chenye joto la makaa. Tumia kama unataka kupika na siagi ndani, na weka ndimu baada ya kufungua kwa kuwa uchachu hula foili.

Viazi vitamu hufuata njia ya jivu, kwa moto mpole zaidi: vikipashwa taratibu wanga wake hugeuka sukari, lakini sukari hiyo ikivuja huungua na kunata. Visitobolewe.

Kufunga moto

Makaa yaliyofunikwa na jivu hukaa hai hadi asubuhi, na juu huonekana kama yamezimika. Yamwagie maji kidogo kidogo ukikaa upande upepo unakotoka, koroga kwa beleshi, mwagia tena hadi mvuke uishe. Kabla ya kumwaga, chota jivu kavu la lita 6 utakalotumia tena, litandaze likapoe kabisa mbali na watoto, kisha ulihifadhi kwenye debe la bati lenye mfuniko. Lililolowa peleka kwenye migomba.