Somo: Kupanda Ascutney kwa miguu, kushuka kwa ubao wa theluji

Wapendwa, habari za baridi. Tangu niweke picha za Jumamosi simu haijanyamaza: "Mlipandaje wakati hakuna lifti?" Naandika mara moja, msomee hapa wote.

Kwanza mlima wenyewe. Ascutney upo jimbo la Vermont, Marekani, kama saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa Manchester, New Hampshire, na kilele chake hakifiki hata mita 1,000. Sisi wa Moshi tungeuita kilima. Zamani ulikuwa na lifti za viti. Biashara ikafungwa mwaka 2010, lifti zikauzwa. Ile ya kasi mnaipanda bila kujua kila mkienda kuteleza Crotched Mountain. Siku hizi huku chini kuna lifti fupi za kikundi cha kijamii cha Ascutney Outdoors, na kuanzia hapo kwenda juu ni miguu yako, mita zipatazo 500 za kupanda. Kinachonichekesha ni kwamba Woodstock, jirani tu na hapo, ndiko ilikofungwa kamba ya kwanza ya kuvutia watu mlimani Marekani, mwaka 1934, ikizungushwa na injini ya gari la Ford. Leo tumerudi kupanda kwa jasho, tena kwa hiari.

Hatua ya 1: Jua vifaa vyako

Ubao wetu umepasuliwa katikati kwa urefu. Ukiutenganisha unapata ski (mbao ndefu za kuvaa miguuni) mbili pana za kupandia. Ukiuunganisha ni ubao mmoja wa kushukia. Wenyewe wanauita splitibodi. Chini ya kila nusu unabandika "ngozi", yaani utepe wenye gundi upande mmoja na manyoya upande wa pili. Zamani ilikuwa ngozi ya sili kweli, sasa ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora. Manyoya hayo yamelala kuelekea nyuma: ukisukuma mguu mbele yanateleza, ukitaka kurudi nyuma yanagoma. Mpapase paka kutoka kichwani kwenda mkiani, halafu kinyume chake, utaelewa.

Ongeza fimbo mbili za kukunjika, helmeti, tochi ya kichwani, filimbi, chupa ya chai, glavu za akiba (nitarudi kwenye glavu), na mikanda miwili ya mpira ya kufungia chochote kitakachokatika.

Hatua ya 2: Fanya zoezi sebuleni

Tenganisha ubao, bandika ngozi, bandua, unganisha. Mara tano. Kisha mara tano tena ukiwa umevaa glavu. Watoto watakucheka. Waache wacheke.

Hatua ya 3: Vaa kidogo, ondoka mapema

Pamba ibaki nyumbani, hata soksi na fulana ya ndani. Ikilowa jasho haikauki, na mwili unapoa nayo. Vaa sufu au vitambaa vya michezo, na uondoke maegeshoni ukihisi baridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto zuri, baada ya dakika kumi utakuwa umelowa. Jaketi nene likae begini.

Januari jua linazama kama saa kumi na nusu jioni. Sisi tunaweka saa ya kugeuza kabla hatujatoka kwenye gari: saa saba mchana. Ikifika, hapo hapo tulipo ndipo kilele chetu cha siku hiyo. Mwambie pia mtu wa nyumbani mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi.

Hatua ya 4: Kupanda

Usinyanyue mguu. Uburuze, kama mtu aliyevaa kandambili asiyetaka zimtoke. Kisigino kiko huru, kidole ndicho kinachoshikwa. Pitia ukingoni, kwenye mkondo waliokwisha kuuweka wenzako, maana katikati kuna watu wanaoshuka kwa kasi. Mahali penye mwinuko mkali kata pembeni kwa zigizaga.

Baba yangu mdogo alikuwa mpagazi Kilimanjaro, na lile neno lao "pole pole" wageni hudhani ni la kuwafurahisha. Ni kipimo. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, punguza mwendo. Mtu mzima asiye na mazoezi sana huchukua kama saa mbili kufika juu. Hakuna anayekukimbiza.

Hatua ya 5: Kubadilisha juu

Hapa ndipo siku inapoharibikia. Umesimama, una jasho, upepo unavuma, na kazi inayohitaji vidole ndiyo kwanza inaanza. Mpangilio wangu ni huu. Kabla ya kugusa ubao, jaketi nene mwilini. Tafuta mahali palipojikinga na upepo, hata ikibidi ushuke hatua ishirini. Kanyaga theluji iwe ngumu usizame. Toa mguu mmoja, maliza kazi ya nusu hiyo, ndipo utoe wa pili. Bandua ngozi, ikunje gundi kwa gundi, itie ndani ya jaketi kifuani, isigande. Kwangua barafu kwenye viungo vya ubao kabla ya kuunganisha. Punje ndogo tu inatosha kuzuia ndoano zisikutane. Kisha geuza vifungio vya miguu vikae upande, hakikisha vimejifunga, ndipo unywe chai.

Mara yangu ya kwanza nilifanya kinyume cha yote. Nilianza na chai. Glavu nikaziweka juu ya jiwe, upepo ukachukua moja. Ngozi ikaanguka, gundi ikajaa theluji. Nilishuka nimevaa soksi mkononi, na vidole viliporudi kupata joto ndani ya gari nilitoa machozi. Mlima huo huo mnaouita mdogo.

Hatua ya 6: Kushuka

Theluji isiponifika magotini siingii msituni. Nabaki kwenye njia za zamani, maana chini ya theluji laini kuna mawe na visiki. Baada ya dhoruba kubwa jihadhari na mashimo yaliyofunikwa na matawi ya misonobari. Mtu anaweza kutumbukia kichwa chini asitoke peke yake. Tunashuka mmoja mmoja kwa vipande vifupi, mwenzako asitoke machoni mwako.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Lewiston: Sina hela ya splitibodi. Niache?
Usiache. Mimi nilianza na viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji (snowshoes), ubao wa kawaida nimeufunga mgongoni. Ni mzito na matawi yanaukamata, lakini utafika. Ila usikanyage mkondo wa wenye ski, unautoboa mashimo.

Kaka wa Burlington: Hujataja maporomoko ya theluji. Umesahau?
Sijasahau. Njia hizi zinapita msituni, na hatari yake kubwa ni baridi, miti na giza. Ukihamia mabonde makali kama Smugglers' Notch au Tuckerman Ravine ni habari nyingine: kozi, redio ya kumtafuta aliyefukiwa, koleo, fimbo ndefu ya kuchoma theluji kumtafuta, na wote mjue kuvitumia. Kwa Tuckerman, soma kwanza taarifa ya Mount Washington Avalanche Center.

Mzee mmoja, Concord: Nina miaka 58 na magoti yanalia. Naweza?
Shikamoo mzee. Kupanda kwenyewe ni kuburuza, magoti huwa hayalalamiki sana. Kushuka ndiko kunakoyaumiza. Panda nusu, shuka, uone kesho yake yanasemaje.

Mdogo wangu, yuko Moshi: Kaka, kwani Kibo haifai?
Kibo tumeitazama utotoni kila asubuhi, lakini iliyobaki kule juu ni barafu ngumu, na inazidi kupungua. Ukitaka kujaribu ukiwa Afrika, tafuta kituo cha ski cha Afriski, Lesotho, kati ya Juni na Agosti.

Dada wa Lewiston tena: Na ile glavu, uliipata?
Mwezi wa tano, theluji ilipoyeyuka, mtu aliikuta akaitundika kwenye kijiti kando ya njia. Ya kushoto. Ya kulia nilikuwa nimeshaitupa.