Jinsi ya kugawa RAM kwa mashine pepe za maabara, na kwa nini inarudi ilikotoka

Juzi usiku mwenzangu anayesimamia maabara ya chuo kingine alinipigia. "Kaka, jana nimeshusha RAM ya mashine pepe kwenye kompyuta zote 25, leo asubuhi nimezikuta zimerudi MB 4096. Hizi mashine zina mashetani?" Nilicheka, maana mashetani hayo nayajua, yaliwahi kunikesha hadi adhana ya alfajiri. Haya ndiyo niliyomwelekeza kwa simu, ila hapa nimeyapanga vizuri zaidi.

Natumia VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi), juu ya Windows 10, kwenye kompyuta zenye RAM ya GB 8. Katika somo la mitandao kila kompyuta huwasha mashine pepe mbili kwa pamoja, moja ya seva na nyingine ya mtumiaji. Kama hujaruhusu mashine pepe kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), anzia huko kwanza, kisha urudi. Kompyuta halisi naiita mwenyeji, na mashine pepe naiita mgeni.

Hatua ya 1: Mpigie hesabu mwenyeji kabla ya mgeni

GB 8 ni MB 8192, lakini si zote za kugawa. Washa kompyuta, fungua vitu ambavyo wanafunzi hufungua kweli: kivinjari chenye vichupo sita, notisi za PDF, na antivirusi ikiwa inafanya kazi. Halafu tazama Task Manager. Kwangu Windows na mizigo yake hula kama GB 3. Kinachobaki ndicho cha wageni, na hicho nacho usikimalize. Natoa MB 2048 kwa Xubuntu (Linux nyepesi yenye desktop, ya mtumiaji) na 1024 kwa Debian isiyo na madirisha (Linux ya amri tu, ya seva). Jumla ni 3072, na karibu GB 2 zinabaki kwa ajili ya kupumua.

Ubuntu ya kawaida yenye desktop inapendekezewa angalau GB 4. Ukiwasha mbili umeshamaliza zote 8, na mwenyeji atalala nje. Taa ya diski itawaka bila kuzima, kipanya kitaganda, na darasa zima litaanza kukuita. Najua kuna wakufunzi wanaotaka seva yenye desktop. Mimi sikubali. Anayejifunza seva ajifunze kuandika amri.

Halafu ule mstari wa kijani na mwekundu kwenye dirisha la mipangilio usiutegemee. Unaangalia ukubwa wa RAM ya kompyuta tu, haujui kwamba dakika mbili baadaye utawasha mashine ya pili.

Hatua ya 2: Badilisha

Zima mashine pepe kabisa, fungua laini ya amri, ingia kwenye folda ya VirtualBox:

`VBoxManage modifyvm "xubuntu-lab" --memory 2048`
`VBoxManage modifyvm "debian-seva" --memory 1024`

Namba ni megabaiti. Basi.

Hatua ya 3: Snapshoti (hapa ndipo penye mashetani)

Maabara nyingi zina skripti inayorudisha kila mashine pepe kwenye snapshoti safi (picha ya hali ya mashine iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia) baada ya vipindi, ili darasa la kesho lisikute uchafu wa leo. Ni utaratibu mzuri. Tatizo ni kwamba snapshoti ya VirtualBox haihifadhi diski peke yake. Inahifadhi na mipangilio ya mashine: RAM, idadi ya prosesa, kadi za mtandao. Kwa hiyo ukishusha RAM leo na skripti ikarudisha snapshoti iliyopigwa wakati RAM ni 4096, unarudi na 4096 yako. Hakuna ujumbe wa kosa wala onyo. Mimi nilishuku antivirusi, nikashuku haki za mtumiaji, nikaondoa VirtualBox na kuisakinisha upya kwenye kompyuta tatu. Kumbe tatizo ni skripti niliyoiandika kwa mkono wangu.

Dawa yake ni kuingia ndani ya snapshoti yenyewe, kubadilisha, halafu kupiga nyingine:

`VBoxManage snapshot "xubuntu-lab" restore safi`
`VBoxManage modifyvm "xubuntu-lab" --memory 2048`
`VBoxManage snapshot "xubuntu-lab" take safi2`

Kisha sahihisha jina kwenye skripti, liwe safi2. Usisahau hili, utaanza upya.

Ila amri ya pili inaweza kukataa. Ikikataa, snapshoti yako ilipigwa mashine ikiwa inawaka, kwa hiyo ukiirudisha mashine inakuwa katika hali ya kuhifadhiwa, kama mtu aliyesinzia, na aliyesinzia habadilishwi RAM. Mwamshe kwa nguvu:

`VBoxManage discardstate "xubuntu-lab"`

Hii ni sawa na kuchomoa waya wa umeme. Kwa hiyo ukishabadilisha RAM, washa mashine mara moja, iache ifike kwenye skrini ya kuingia, izime kistaarabu, ndipo upige safi2. Tangu siku hiyo sipigi snapshoti ya maabara mashine ikiwa inawaka. Isitoshe, snapshoti ya namna hiyo hubeba na yaliyomo ndani ya RAM, kwa hiyo inakula diski bure.

Ile ya zamani unaweza kuifuta, lakini usiifute kwa haraka. Kuifuta ni kuunganisha data za diski, kazi inayochukua muda na kuhitaji nafasi. Siku ambayo umeme unakatika-katika na huna UPS, iache. Na kama ulitengeneza nakala unganishi (mashine pepe nyingine zinazotumia diski ileile) kutoka kwenye snapshoti hiyo, VirtualBox haitakubali kuifuta, na ina haki, maana nakala zote zinaegemea hapo.

Hatua ya 4: Sambaza

Sihangaiki kompyuta moja moja. Natengeneza mashine mama moja, naitoa kama faili la OVA (faili moja lenye mashine pepe nzima), nazunguka nalo kwenye diski ya nje. RAM uliyoweka inasafiri ndani ya OVA. Snapshoti hazisafiri, kwa hiyo ukishaingiza kwenye kila kompyuta, piga safi2 upya hapohapo. Kompyuta zangu nne za nyuma zina GB 4 tu, hizo nazishusha wakati wa kuingiza:

`VBoxManage import xubuntu-lab.ova --vsys 0 --memory 1024`

Na hizo huwasha mgeni mmoja tu, si wawili.

Hatua ya 5: Hakiki

Endesha skripti ya kusafisha kwanza, ndipo uwashe na kuandika `free -m` ndani ya mgeni, ikuoneshe RAM kwa megabaiti. Mwenzangu alinipigia tena hapa: "Kaka, inasoma 1900 na kitu, si 2048!" Ni sawa, kerneli (kiini cha Linux) imejitengea sehemu yake. Ukiona inakaribia 3900, rudi hatua ya 3 ukatazame jina la snapshoti kwenye skripti.