SOMO: Namna zawadi na adhabu zinavyojenga tabia, hatua kwa hatua

Kila wiki naulizwa swali lilelile: "Uimarishaji hasi si ndiyo adhabu?" Siyo. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1. Chagua tabia moja inayoonekana kwa macho. "Uvivu" haupimiki, "haanzi kazi ya shule mpaka akumbushwe" unaweza kuihesabu.

Hatua ya 2. Tazama kinachofuata baada ya tabia. Mwaka 1898 Edward Thorndike alionyesha kwamba paka aliyefungiwa sandukuni hurudia upesi zaidi na zaidi kitendo kilichomfungulia mlango, na vitendo vingine hufifia.

Hatua ya 3. Jibu maswali mawili. Tabia inaongezeka au inapungua? Kitu kimeletwa au kimeondolewa? Ikiongezeka kwa kuletewa kitu, ni uimarishaji chanya. Ikiongezeka kwa kuondolewa kero, ni uimarishaji hasi: unafunga mkanda wa gari ili kengele inyamaze. Ikipungua ni adhabu, iwe umeleta maumivu au umenyang'anya simu.

Hatua ya 4. Mwanzoni, zawadi itoke papo hapo na kila mara.

Hatua ya 5. Tabia ikishika, toa zawadi kwa kurukaruka. Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha mwaka 1957 kazi kubwa kuhusu ratiba hizi za kutoa zawadi. Zawadi isiyotabirika hufanya tabia iwe ngumu kufa. Ndiyo inayomng'ang'aniza mcheza kamari mezani.

Hatua ya 6. Acha kuilipa tabia usiyoitaka. Hapa ndipo wengi mnaharibu. Mtoto amezoea kulia ili apewe simu. Siku unayoacha kumpa, kilio huenda kisishuke, kikapanda kwanza. Mzazi anadhani njia imeshindwa, anampa simu kilio kikiwa kileleni. Hapo amelipa kilio kikubwa kuliko vyote, na ameingiza ile ratiba isiyotabirika ya Hatua ya 5 bila kukusudia. Afadhali asingeanza.
ONYO: Usianze kabla watu wote wa nyumbani hawajakubaliana. Mmoja akilegea, kazi ya wengine imekwisha.
ONYO: Tabia iliyozimika inaweza kuchomoza tena baada ya siku kadhaa. Usiilipe, itazimika upesi zaidi.
ONYO: Usipuuze kilio cha njaa, maumivu au hofu, wala mtoto anayejiumiza. Huyo tafuta mtaalamu.

Hatua ya 7. Adhabu iwe ya mwisho. Inaonyesha kisichotakiwa, haifundishi cha kufanya badala yake.

MASWALI

Swali: Kwa hiyo kuchapa ni uimarishaji hasi?
Jibu: Hatua ya 3.

Swali: Mimi nilichapwa na nimenyooka. Hizi ni nadharia za majaribio ya panya tu.
Jibu: Sijaandika popote kwamba adhabu haizimi tabia. Huzima, mara nyingi kwa muda na mbele ya yule anayeadhibu. Tena mtazame anayechapa: kelele zinakoma hapohapo, anapata nafuu, kesho anachapa tena. Huo ndio uimarishaji hasi, na anayefundishwa ni mzazi.

Swali: Mwalimu, binti yangu anapenda sana kusoma. Nikimlipa kwa kila kitabu si atasoma zaidi?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Usimlipe. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichunguza watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti, baadaye walipoachwa wachague wenyewe, walichora kidogo kuliko wasioahidiwa. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupungukiwa hamu. Zungumza naye kuhusu alichosoma, muulize mhusika gani kampendeza.

Swali: Na wangu asiyependa kusoma kabisa?
Jibu: Huyo zawadi inaweza kumsaidia kuanza. Tumia kanuni ya David Premack: anachokipenda kifuate asichokipenda. Kurasa mbili, kisha mpira. Mkibadilisha mpangilio, mpira ukatangulia, hakuna kinachoimarishwa.

Mchango: Kwa wenye mbwa: toa mlio mfupi sekunde ileile anapokaa, kisha chakula. Mkono huchelewa kufika mfukoni.
Jibu: Kweli kabisa. Mlio ukishafungamana na chakula, wenyewe unakuwa kiimarishi. Ila usitoe mlio bure bila kumpa chakula. Mkifanya hivyo mara nyingi, mlio unapoteza nguvu.