Jinsi ya kutengeneza uwanja wa michezo katika kijiji cha Wahadzabe

Mwongozo huu ni wa walimu, maafisa michezo na vijana wanaotaka uwanja katika vijiji vya mbali kama vya Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, ambako Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachumaji, wanaishi jirani na Wadatoga na Wairaqw. Ukikodi greda kutoka mbali, pesa zote zitaishia kwenye mafuta. Uwanja mzuri wa udongo unatengenezeka kwa majembe, sururu, toroli, kamba na msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji. Viwanja vingi huharibikia kwenye mambo mawili, ardhi na maji, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Hatua ya 1: Ardhi

Usianze kufyeka. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya hekta zipatazo 20,000, baada ya miaka mingi ya kuona pori lao likigeuzwa mashamba na malisho. Pori hilohilo sasa linawaletea mapato ya hewa ukaa, yaani malipo ya kutunza miti inayofyonza hewa hiyo, na mapato hayo yanategemea miti ibaki imesimama. Tafuta eneo nje ya sehemu iliyohifadhiwa, pale ambapo mpango wa matumizi ya ardhi umetenga makazi na huduma, hasa karibu na shule. Chagua mahali palipo wazi tayari. Ukikuta mbuyu, au mti wowote ambao watu wanarina asali, sogeza uwanja.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mgao wa ardhi unapitia halmashauri ya kijiji na kuidhinishwa na mkutano mkuu. Hakikisha muhtasari umeandikwa na kugongwa mhuri. Hata hivyo, Wahadzabe hawana chifu ambaye akikubali basi wote wamekubali. Pita kambi kwa kambi na ukae na watu jioni. Wasikilize kina mama, kwa kuwa ndio wanaojua sehemu za kuchimba mizizi na kuchuma matunda. Kisha nenda kwa wazee wa Kidatoga uwaulize ng'ombe wanapita wapi kwenda majini. Uwanja ukikatiza njia hiyo utakanyagwa kila siku, na hutakuwa na haki ya kumlaumu mfugaji.

Hatua ya 2: Vipimo

Sheria za soka zinaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Mita 100 kwa 60 zinatosha kabisa. Elekeza urefu kaskazini-kusini ili kipa asidakie jua la jioni. Pembe zipimwe kwa kamba ya tatu-nne-tano (pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5 hutoa pembe mraba), halafu upime mishazari yote miwili. Kila mmoja uwe karibu mita 116.6. Ikitofautiana, ng'oa vigingi urudie.

Hatua ya 3: Mwinuko na maji

Hapa usiwe na haraka. Mvua ya Yaeda huja kwa kishindo baada ya miezi ya ukame, na siku moja inaweza kuchimba korongo katikati ya uwanja. Anza na mtaro wa kukinga maji upande wa juu, kabla ya kugusa kitu kingine.

Piga levo kwa bomba la plastiki linaloonyesha ndani lililojazwa maji: maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja. Mstari wa katikati, kutoka goli hadi goli, uwe juu kuliko pembeni kwa asilimia moja. Kutoka hapo hadi ukingoni ni mita 30, kwa hiyo tofauti ni sentimita 30. Kama ardhi ina mteremko mdogo wa asili kuelekea upande mmoja, uache ulivyo, utapunguza kazi.

Ng'oa visiki pamoja na mizizi yake, maana mzizi ukioza udongo unatitia. Jaza udongo kwa tabaka za sentimita 15, nyunyizia maji, shindilia, ndipo uweke tabaka jingine. Udongo mweusi wa mbugani usiutumie: kiangazi hupasuka, masika hunata. Mbele ya magoli, panapochakaa haraka, changanya udongo wa kichuguu. Kazi hii ifanyike mvua zinapoisha, ardhi ikiwa bado na unyevu, lakini isigongane na msimu wa asali. Asali ni chakula, na hakuna sababu ya kumng'ang'aniza mtu kuiacha.

Hatua ya 4: Sakafu na uzio

Panda ukoka tu kama mifugo itazuiwa msimu mzima wa mvua. Vinginevyo baki na udongo. Okoteni mawe na miiba ya migunga kila wiki, kwani watoto wanacheza peku. Kwa uzio, minyaa au mkonge unafaa kuliko kukata matawi.

Hatua ya 5: Magoli na mistari

Kati ya milingoti ni mita 7.32, na mtambaapanya uwe mita 2.44 kutoka chini. Chimbia milingoti angalau sentimita 60 ndani ya zege, maana goli lisiloshikiliwa huweza kuangukia mtoto na kumuua. Boksi la kumi na nane lifike mita 16.5 kutoka mstari wa goli, penalti mita 11, na duara la kati liwe na nusukipenyo cha mita 9.15. Chora kwa majivu au unga wa chaki. Chokaa, hata iliyozimwa, inaweza kuunguza macho.

Wasichana wapate uwanja wao wa netiboli siku hiyohiyo: mita 30.5 kwa 15.25, pete ikiwa mita 3.05 juu.

Tengeni pia sehemu ya kulenga shabaha. Upinde ndio mchezo ambao watoto wa Kihadzabe wanauweza kabla hawajaona mpira, na wanastahili kuushindania kijijini kwao. Shabaha ziwekwe mbele ya kilima au tuta la udongo mliochimba, mbali na uwanja wa mpira, na nyuma yake pasiwe na njia ya watu wala mifugo.